Hesabu pumzi dakika nzima: kwa mwanafunzi wa uuguzi

Fungua chati za wodi yoyote yenye shughuli nyingi uangalie safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, 20. Mgonjwa wa nimonia 20, aliyetoka kupasuliwa tumbo 20, mzee aliyelala fofofo 20. Haiwezekani. Aliyeandika alifunga mkanda wa presha, akaweka kipimajoto, akabana kifaa cha oksijeni kidoleni, na kwa kuwa hakuna mashine ya kumhesabia pumzi, akakisia.

Naanzia kwenye safu hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha uuguzi ni kazi gani. Daktari hupita, huagiza, huondoka. Mtaalamu wa maabara huona damu tu, mfamasia huona karatasi ya dawa. Anayekaa na mgonjwa saa 24, zamu baada ya zamu, ni muuguzi. Kwa hiyo mabadiliko madogo ya mgonjwa, yale yanayotangulia hatari, yasipoonwa na muuguzi hayaonwi na mtu. Usalama wa mgonjwa mnaofundishwa kama mada ya wiki mbili si mada ya pembeni. Ndiyo kazi yenyewe: kuona, kuandika, kusema.

Pumzi, presha na namba zinazodanganya

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwili ukianza kukosa oksijeni, au asidi ikianza kujaa kwenye damu kwa sababu ya maambukizi makali, ubongo huongeza kasi ya pumzi mapema sana. Presha huchelewa. Kijana anayevuja damu ndani ya tumbo mishipa yake hujibana, moyo unakwenda mbio, na presha inabaki nzuri machoni mpaka awe amepoteza karibu 30% ya damu yote, yaani kama lita moja na nusu kwa mtu wa kilo 70. Ukisubiri presha ishuke ndipo ushtuke, umeshachelewa.

Namna ya kuhesabu: ukimaliza kupima mapigo ya moyo, usiachie kiganja cha mgonjwa. Endelea kushika kama bado unapima mapigo, macho yako yahamie kifuani au tumboni. Mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha upumuaji bila kukusudia. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60, si 15 mara nne, maana ukikosea pumzi moja kwa sekunde 15 umekosea nne kwa dakika. Kwa mtoto mchanga ni muhimu zaidi, kwa kuwa hupumua haraka, akatulia kidogo, akaendelea. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida iko hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka, kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi, mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi.

Na usiishie kwenye namba. Anamaliza sentensi au anakata pumzi katikati? Misuli ya shingo inavutika? Mtoto, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa? Hayo yaandike.

Uingereza wana mfumo wa alama wa kutambua mgonjwa anayezidiwa, ulioanza 2012 na kurekebishwa 2017. Unajumlisha mambo saba: pumzi, kiwango cha oksijeni, kama anaongezewa oksijeni, namba ya juu ya presha, mapigo, fahamu na joto. Pumzi 12 hadi 20 hupata sifuri, 21 hadi 24 hupata 2, na 25 kwenda juu hupata 3. Jumla ikifika 5 mgonjwa anahitaji kuonwa haraka, ikifika 7 ni dharura. Sasa fikiria mgonjwa anapumua mara 28 na wewe umeandika 20. Umemnyima alama 3 zilizotakiwa kumwita daktari. Namba ya kukisia ni mbaya kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu nafasi wazi angalau inamfanya mwenzako aulize.

Kifaa cha kidoleni nacho kinadanganywa kirahisi. Rangi ya kucha, vidole vya baridi, mtu kutetemeka, na sumu ya moshi wa mkaa, ambayo kifaa huihesabu kana kwamba ni oksijeni. Kwenye ngozi nyeusi vifaa vingi pia huweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, hivyo 93% ya mgonjwa anayehangaika kupumua isikutulize.

Presha ina makosa yake. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau 80% ya mkono, na upana wake uwe kama 40% ya mzingo huo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwepo. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, namba inapanda. Mgonjwa akizungumza, akikunja nne, au kibofu kikiwa kimejaa, inapanda. Mpe dakika 5 atulie, mkono uegemezwe, nguo isiwe chini ya mkanda. Watu wengine wameanzishiwa dawa za presha kwa sababu ya mkanda wa saizi isiyo yao tu.

Nani hufanya nini

Wanafunzi wengi huingia wakiamini muuguzi ni mtekelezaji wa maagizo. Sehemu ya kazi ni hiyo kweli: kutoa dawa iliyoandikwa, kuweka mpira wa mkojo ulioagizwa. Lakini kuna kazi ambazo muuguzi huzifanya kwa mamlaka yake mwenyewe na hahitaji kuandikiwa na mtu: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kuamua mara ngapi apimwe, kusafisha kinywa, kumkalisha anayebanwa na pumzi, kumfundisha mama kunyonyesha, kumzuia asianguke. Aina ya tatu ni kazi za pamoja na wengine, kama kupanga mgonjwa aruhusiwe lini na nani atamwangalia nyumbani.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, alilieleza jambo hili vizuri katika karne ya 20. Kwake muuguzi humsaidia mtu, mzima au mgonjwa, kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na humsaidia kwa namna ya kumrudishia uwezo wa kujitegemea mapema. Aliyapanga mahitaji hayo kuwa 14, kuanzia kupumua, kula na kutoa haja, hadi kuabudu, kucheza na kujifunza. Mpangilio wa kazi mnaokariri darasani, yaani tathmini, utambuzi wa kiuguzi, mpango, utekelezaji, kisha kupima matokeo, ni njia ya kufanya hayo kwa utaratibu. Hatua inayorukwa sana ni ya mwisho. Umempa dawa ya maumivu saa mbili. Saa tatu umerudi kumuuliza?

Ngazi hutofautiana kwa sheria za kila nchi, ila mgawanyo mkubwa unafanana: wauguzi wasaidizi, wauguzi waliosajiliwa, wakunga, na wauguzi bobezi ambao katika nchi fulani hupima, hutambua ugonjwa na kuandika dawa. Mwanafunzi yuko nje ya ngazi zote hizo. Hana leseni, anafanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Kwa hiyo sentensi muhimu kuliko zote mwaka wa kwanza ni fupi: "Dada, hii sijawahi kuifanya, naomba usimame nami." Hakuna msimamizi mwenye akili atakayekucheka. Na akikucheka, bado usiifanye peke yako.

Walikotoka

Historia ya taaluma hii husimuliwa kama hadithi ya taa na huruma. Mimi naona ni hadithi ya watu waliohesabu na kuandika.

Masimulizi ya Kiislamu yanamtaja Rufaida al-Aslamia wa Madina, karne ya 7, aliyekuwa na hema la kutibia majeruhi wakati wa vita na kuwafundisha wanawake wengine kazi hiyo. Ulaya, kwa karne nyingi, kulaza na kuuguza wagonjwa kulikuwa mikononi mwa watawa, na kwingine mikononi mwa watu waliolipwa kidogo na hawakufundishwa kitu.

Mwaka 1847 mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa na kitendawili. Hospitali ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga, na ile ya madaktari ndiyo iliyoua akina mama wengi zaidi kwa homa ya uzazi. Tofauti ilikuwa mikono: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, wakunga hawakupasua maiti. Aprili mwaka huo vifo katika kliniki ya kwanza vilikuwa takriban 18%. Katikati ya Mei aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na Juni vifo vikawa karibu 2%. Wenzake wengi walimkataa. Ukikutana na mkuu anayekasirika ukimkumbusha kunawa, jua ugonjwa huo ni wa zamani.

Florence Nightingale, Mwingereza anayekumbukwa kama bibi mwenye taa, alifika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 wakati wa Vita vya Crimea, akiwa na wauguzi 38. Kinachosahaulika ni kwamba vifo havikushuka alipofika. Viliendelea kupanda majira ya baridi, mpaka Februari 1855 vikafika karibu 42% ya waliolazwa. Vilishuka baada ya tume ya usafi kufika Machi, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya jengo na kufungua njia za hewa. Katikati ya mwaka vilikuwa karibu 2%. Nightingale aliporudi Uingereza alizikusanya namba hizo, akazichora, akawaonyesha wakubwa kuwa askari waliuawa na uchafu kuliko risasi. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha watakwimu cha Uingereza. Shule aliyoianzisha katika hospitali ya St Thomas' mjini London ilifunguliwa 1860. Taa ilikuwepo, sawa, lakini iliyobadilisha hospitali ni takwimu.

Vita hivyohivyo vilikuwa na Mary Seacole, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejifunza tiba kwa mama yake. Aliomba London apelekwe, akakataliwa, akaenda kwa fedha zake mwenyewe na kufungua nyumba ya kuhudumia askari karibu na Balaclava mwaka 1855. Marekani, Mary Eliza Mahoney alihitimu 1879 mjini Boston, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo rasmi ya uuguzi. Na Linda Richards, aliyehitimu 1873, ndiye anayehusishwa na utaratibu wa kumwekea kila mgonjwa kumbukumbu yake ya maandishi. Faili unalolalamika kulijaza lina mama yake.

Usajili ulikuja kwa mapambano. Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliundwa 1899, Ethel Gordon Fenwick akiwa rais wake wa kwanza. New Zealand ilitunga sheria ya kusajili wauguzi 1901, ya kwanza kwa nchi nzima, na Ellen Dougherty akawa wa kwanza kwenye orodha mapema 1902. Uingereza ilisubiri hadi 1919. Maana ya usajili ni moja: ukifanya jambo la hatari, kuna chombo kinachoweza kukuita ujieleze na kukunyang'anya leseni.

Jina kwanza

Mwaka 1999 taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kuwa makosa ya kitabibu yanaua watu kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo. Wataalamu wamebishana sana juu ya namba hizo, ila ujumbe ulipokelewa: makosa mengi hayafanywi na watu wazembe, yanafanywa na watu wazuri waliochoka katika mpangilio mbaya. Na kosa la kizamani kuliko yote ni kumhudumia mgonjwa asiye yeye.

Usiulize, "Wewe ndiye Juma?" Mgonjwa mwenye homa, asiyesikia vizuri, au anayekuogopa, atasema ndiyo. Uliza hivi: "Baba, naomba unitajie majina yako yote. Umezaliwa lini?" Yeye ndiye aseme, wewe ulinganishe na utepe wa mkononi na karatasi uliyoshika. Vitambulisho viwili kila mara. Namba ya kitanda si kitambulisho, kwa sababu wagonjwa huhamishwa. Asiyejitambua atambuliwe kwa utepe, na asiye na utepe apate utepe kabla ya dawa.

Chupa ya damu iandikwe jina hapohapo kitandani, baada ya kutoa damu, si kabla na si ofisini. Chupa zilizoandikwa mapema ndizo zinazobadilishana.

Kuongezewa damu ndiko ambako kosa la jina huua haraka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watu wawili wanasimama kando ya kitanda, si kaunta, na kila mmoja analinganisha mwenyewe: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa, kundi la damu, namba ya mfuko, tarehe ya mwisho, na kama mfuko hauvuji wala damu haina mabonge. Pima joto, mapigo, presha na pumzi kabla ya kuanza. Damu ikitoka kwenye jokofu ianze ndani ya dakika 30, na iishe ndani ya saa 4, kwa sababu joto la chumba ni rafiki wa bakteria. Tumia seti yenye chujio lake. Kwenye mrija huo usipitishe kitu kingine ila maji ya chumvi ya 0.9%: maji ya glukosi hupasua chembe za damu, na dripu ya Ringer ina kalsiamu inayoweza kugandisha damu.

Anza polepole na usiondoke dakika 15 za kwanza, kisha upime tena. Ukiona homa, kutetemeka, kifua kubana, maumivu ya kiuno, upele, mkojo mwekundu, au mgonjwa akikuambia tu kwamba anajisikia vibaya na ana hofu isiyo na sababu, funga damu papo hapo. Usitoe kanyula, ule mrija mdogo ulio mshipani. Badilisha seti yote, uweke maji ya chumvi ili njia ibaki wazi, ita daktari, linganisha majina upya, na mfuko pamoja na mrija wake virudi maabara. Wanafunzi hutupa mfuko. Ndio ushahidi huo.

Dawa: pale hesabu inapokosewa

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia, wakati, na kuandika ulichotoa: mnazijua. Kuzijua hakuzuii kosa, kwa sababu kosa hutokea ukiwa unaitwa na watu watatu. Ukiandaa dawa, usijibu simu. Ukikatizwa, anza upya.

Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kilo. 15 × 12 ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo 180 ÷ 120 × 5 ni mililita 7.5. Sasa kuna chupa nyingine inayofanana, yenye miligramu 250 katika mililita 5. Ukimimina mililita 7.5 za hiyo umempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Hesabu ilikuwa sahihi, chupa ndiyo haikusomwa. Soma lebo unapoichukua, unapomimina, na unapoirudisha.

Dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. 1,000 × 20 ÷ 480 ni takriban matone 42 kwa dakika. Ukitumia seti ndogo ya matone 60 na ukaweka 42 hayohayo, mgonjwa anapata mililita 42 kwa saa, na lita hiyo itachukua karibu siku nzima. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya seti; isome kabla ya kuitupa.

Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita, maana yake yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Ndiyo sababu hutumiwa bomba lake maalumu lenye alama za yuniti. Anayetumia bomba la kawaida akavuta mililita 1 kwa kudhani ndiyo 10, amempa mgonjwa yuniti 100. Pia andika neno "yuniti" kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa ovyo baada ya 10 husomeka 100. Vivyo hivyo, andika 0.5 na si .5, andika 5 na si 5.0. Nukta ikifutika, dozi inakuwa mara kumi.

Potasiamu kloridi iliyokolea haisukumwi kwenye mshipa kamwe. Husimamisha moyo. Inachanganywa kwenye dripu, inageuzwageuzwa mpaka ichanganyike, inaingia polepole. Kichupa chake kisikae karibu na vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa.

Dawa hizi za hatari huhitaji mtu wa pili. Wa pili akokotoe mwenyewe bila kuonyeshwa jibu lako. Ukimwambia, "Ni mililita 7.5, sivyo?" ataitikia, na mtakuwa mmekosea wawili. Na sindano iliyovutwa na mwenzako, haina lebo, usiichome hata kama anakuapia.

Mikono, ngozi, mirija

Nyakati tano za kusafisha mikono zinajulikana: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi isiyotaka vijidudu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ya mwisho ndiyo husahaulika: umegusa reli ya kitanda tu, ukasema sikumgusa. Kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Maji na sabuni sekunde 40 hadi 60 kwa utaratibu wote. Sehemu zinazobaki chafu ni kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Mikono yenye uchafu unaoonekana, au mgonjwa anayeharisha kwa bakteria Clostridioides difficile, ni sabuni na maji, kwa sababu spirti haiui mbegu za bakteria huyo. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu moja kwa wagonjwa wawili ni kusambaza vijidudu ukiwa msafi wewe peke yako.

Vidonda vya kulalia huanza pale mfupa unapobana ngozi dhidi ya godoro: sehemu ya juu ya makalio, visigino, nyonga, kisogo. Bonyeza kidole mahali penye wekundu, uachie. Pasipobadilika weupe, kidonda kimeanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, na wengi hupitwa hapo. Gusa kwa nyuma ya mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au pamevimba? Panauma? Desturi ni kumgeuza kila saa 2, kwa kumlaza ubavu wa nyuzi kama 30 na si 90, maana ubavu kamili huhamishia mzigo kwenye nyonga. Visigino vining'inie hewani, mto uwe chini ya mashavu ya miguu. Ukimsogeza mnyanyueni kwa shuka. Kumburuta huchana ngozi.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na mrija usitenganishwe bila sababu. Kila asubuhi uliza kama mpira huo bado unahitajika. Kuhusu kuanguka sina mengi: kitanda kishushwe, breki zifungwe, kengele iwe mkononi, na mgonjwa anayeinuka mara ya kwanza akae ukingoni kwanza miguu ikining'inia.

Chumba cha upasuaji kina orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2008: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, kabla ya mgonjwa kutoka. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Mara nyingi muuguzi ndiye huisoma kwa sauti, na daktari bingwa hunyamaza asikilize.

Kusema, na kuandika

Kumpigia daktari usiku ni ustadi wa kufundishwa. Sema hali ilivyo, historia fupi, unavyoona wewe, na unachotaka. Kwa mfano: "Daktari, mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kitengo cha wanawake. Mama wa miaka 34, alipasuliwa leo asubuhi. Presha ni 88 kwa 50, saa 4 zilizopita ilikuwa 124 kwa 76. Mapigo 124, pumzi 28, tumbo limekaza, mkojo mililita 40 kwa saa 4. Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje sasa hivi. Nianze kuandaa damu?" Linganisha na, "Daktari, mgonjwa wako hajisikii vizuri." Mkojo unaotakiwa ni angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, huyu wa kilo 60 alitakiwa atoe 120 kwa muda huo. Akikupa agizo kwa simu, liandike, umsomee, naye athibitishe.

Kwenye faili, "mgonjwa anaendelea vizuri" haina maana yoyote. Andika ulichoona na saa uliyoona: amekunywa uji nusu kikombe, ametapika mara moja maji ya kijani, kidonda kikavu. Ukikosea, piga mstari mmoja, lisomeke bado, weka sahihi. Usiandike kazi kabla hujaifanya, na usitie sahihi kazi ya mwenzako.

Ukifanya kosa la dawa, kwanza nenda kwa mgonjwa umpime, kisha mwambie msimamizi na daktari, kisha uandike, kisha ujaze fomu ya tukio. Utaratibu huohuo utumike kwa kosa lililonaswa kabla halijamfikia mgonjwa. Hilo nalo lina la kufundisha.

Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Itupe mwenyewe, papo hapo, kwenye boksi lake, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue wala usimwage dawa kali. Bila kinga yoyote, hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kwa mchomo mmoja wa damu yenye virusi ni takriban 0.3%, ya homa ya ini aina ya B inaweza kufika 30%, ndiyo maana chanjo yake inatakiwa ikamilike kabla hujakanyaga wodini. Toa taarifa saa hiyohiyo, usisubiri zamu iishe: dawa za kinga zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena.